Kipovu Kikae Katikati

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Kudumu ya Mifereji ya Paa inayo furaha kuutangazia umma kwamba tangu sasa hakuna nyumba katika mtaa wetu itakayoteremsha maji ya mvua kiholela. Zama za maji kujiangukia yanavyotaka zimekwisha. Mimi ni Katibu wa Kamati hiyo, na ninaandika taarifa hii kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ili ukweli usije ukaharibiwa na watu waliokuwepo.

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Mfereji wa paa ni chombo cha chuma kinachofungwa ukingoni mwa paa ili kukinga maji. Raia wa kawaida huuita gata. Kamati ilikaa vikao viwili kulijadili neno hilo na kuona halina hadhi, lakini kwa kuwa mafundi hawana neno jingine, na mafundi ndio wenye ngazi, tumelivumilia.

Chanzo cha yote ni Mwenyekiti wetu. Alikuwa amemaliza kuezeka upya nyumba yake, ile yenye geti la maruni, akataka gata zinazodumu na zinazopendeza. Akaenda dukani. Akakuta gata za bati la kawaida, gata za bati lililopakwa rangi, gata za alumini, nyembamba kwa nene, akasimama hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuamua. Mtu mdogo angerudi nyumbani kumuuliza mkewe. Yeye aliunda kamati ya watu kumi na mmoja.

Tulianza na uimara. Vipande vinne vya sampuli vilitundikwa ndani ya ukumbi wa mikutano, juu ya viti vya wajumbe, vikalindwa kwa muda wa miezi sita. Ripoti yangu ya mwisho ilieleza kuwa katika kipindi chote hicho hakuna sampuli iliyopata kutu, hakuna iliyovuja, na hakuna mjumbe aliyelowa. Zote nne zilipewa alama mia kwa mia.

Tatizo likawa kuchagua moja. Ndipo tukamwita Fundi Kamba. Huyu ni fundi bati, mtu mwembamba wa maneno machache, anayeitwa hivyo kwa sababu ya uzi anaoubeba mfukoni na kuufunga kila anapokwenda kazini. Tulimtaka atuonyeshe namna wataalamu wanavyochagua. Alipanda kwenye kiti, akaigonga kila sampuli kwa ukucha, akitega sikio. Ya kwanza ikalia du, kama mlango wa ghala. Ya nne ikalia tiii, sauti tamu ajabu, ikabaki hewani mpaka mjumbe wa urembo akafumba macho.

Tuliipigia kura ya nne palepale, wote kumi na mmoja. Fundi Kamba alifungua mdomo ili atuambie jambo, lakini Mwenyekiti alimkumbusha kuwa yeye ni mwalikwa, na mwalikwa hana kura. Baadaye niliambiwa kuwa bati linaloimba ni bati jembamba kuliko yote. Haikuwa kwenye ajenda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani kipovu.

Mwenyekiti wetu aliwahi kuhudhuria semina ya siku tatu mahali fulani, na kwenye kuagana kila mshiriki akapewa pimamaji. Ni kile kijiti cha fundi chenye kidirisha cha kioo na kipovu cha hewa ndani yake. Ukikiweka juu ya kitu kilicho sawa, kipovu kinatulia katikati. Kitu kikiinama, kipovu kinakimbilia upande ulio juu. Wenzake waliacha zawadi zao hotelini. Yeye hakuachana na yake hata siku moja. Aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, alipimia meza, alipimia kitanda, na inasemekana alimrudisha nyumbani mpishi mmoja kwa sababu ya keki.

Basi siku Fundi Kamba alipofunga kipande cha majaribio nyumbani kwa Mwenyekiti, pimamaji ikatolewa. Kipovu kikakimbia.

"Fundi, gata yako imelala upande mmoja," alisema Mwenyekiti.

"Imelala makusudi, mheshimiwa. Maji yapate pa kwenda."

"Yaende wapi?"

"Kwenye bomba la kushukia. Kila hatua nne, unashusha upana wa kidole." Akalaza kidole chake cha shahada hewani, kuonyesha.

Mwenyekiti akakitazama kile kidole kwa huzuni. Mtu hawezi kujenga nyumba yenye geti la maruni halafu gata ikapita mbele yake imeinama kama mlevi, tena kwa kipimo cha kidole, na kidole chenyewe kina rangi ya lami. Akasema gata itafungwa sawa, kipovu katikati, na kuhusu maji hakuna haja ya wasiwasi kwa sababu maji yakifika yatapewa maelekezo.

Fundi Kamba akakunja uzi wake, akaaga, akaondoka. Kazi ikamaliziwa na binamu yake Mwenyekiti, ambaye ni fundi redio.

Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa na Kanuni za Mifereji, vifungu arobaini na kimoja, nilivyoviandika mimi mwenyewe kwa mkono huu. Kifungu cha pili kilitamka kuwa kila mfereji wa paa unaoonekana kutoka barabarani utakuwa umenyooka, kipovu kikae katikati. Kifungu cha kumi na tisa ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na wajumbe walikipigia makofi. Kilisema: "Yeyote atakayekutwa ananufaika na mfereji usionyooka, awe mwenye nyumba, mgeni au mpita njia, atahesabiwa kuwa mkosaji, naye atahudhuria mafunzo ya vitendo Jumamosi nne mfululizo, chini ya fundi bati mwenye uzoefu usiopungua miaka ishirini." Kifungu cha arobaini kilipendekezwa na Mwenyekiti mwenyewe, kuzuia watu wenye haraka: kanuni yoyote haitafutwa ila kwa kikao kamili, na kwa notisi ya siku ishirini na moja.

Nami nilitoa mfano. Gata ya kwangu niliiweka sawa siku hiyohiyo. Ikanyesha mvua moja ndogo ya kupita, maji yakaingia kwenye gata, yakakaa. Yalikaa wiki tatu. Mama watoto akaanza kulalamika kuwa kuna mbu. Nilimweleza kuwa kitaalamu ile ni akiba ya maji ya juu. Akasema akiba hiyo imemng'ata mguuni mara saba, akahamishia mto wake chumba cha watoto. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba kaya za majaribio zimepata maji ya kudumu na wanyamapori.

Ukaguzi ukaenda vizuri. Nyumba ambazo hazikuwa na gata kabisa zilifaulu zote. Nyumba zenye gata zilinyooshwa moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja tu, iliyotazamana na ya Mwenyekiti, ng'ambo ya barabara. Gata yake ilifungwa na Fundi Kamba mwaka mmoja kabla. Alumini nene, misumari nayo ya alumini, kwa sababu Fundi Kamba hachanganyi vyuma. Anasema chuma kimoja hukila kingine. Kipovu kilipowekwa hapo kilikimbia moja kwa moja mpaka mwisho wa kioo, kikabaki kimejibanza.

Mwenye nyumba hiyo ni mkunga mstaafu. Nusu ya vichwa vya mtaa huu alivipokea yeye. Kwa bahati mbaya ni shangazi yake mke wangu, na notisi zote hupelekwa na Katibu.

Nilimkuta barazani anapima mtoto wa jirani kwa mizani yake ya kamba. Nikasubiri. Nikamsalimu kwa adabu zote, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma vifungu vyote arobaini na kimoja, na mama wa mtoto akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama na kofia yangu mkononi.

"Siku kumi na nne," akasema mwishowe. "Niinyooshe au niing'oe."

"Ndivyo, Shangazi."

"Nikiinyoosha maji yatakwenda wapi?"

Nilimjibu kuwa yatapewa maelekezo. Alinitazama kama anavyomtazama baba kijana anayeuliza mtoto atazaliwa saa ngapi kamili. Kisha akanishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba, kwenye kona ya chumba anacholala. Pale maji yalikuwa yakidondoka miaka na miaka kabla hajafunga gata. Msingi ulikuwa umeliwa, na ukutani ulipita ufa kutoka chini hadi dirishani. Akaniambia niingize kidole gumba. Kiliingia chote.

"Mwaka juzi kilikuwa hakiingii," alisema. "Tangu nifunge gata haujaongezeka hata unywele. Kuta hizi zikipata msimu mmoja mwingine wa maji, mkwe wangu, utakuja kunichukua nikae kwako, pamoja na mizani yangu."

Sitaficha: moyo uliniuma. Nampenda Shangazi, na nyumba yangu ina vyumba viwili. Lakini mtumishi wa umma hafanyi kazi kwa moyo. Niliandika kwenye fomu: "Ufa, wa saizi ya kati." Halafu nikamuuliza kama ana maoni.

"Ninalo moja. Hiki kifungu cha kumi na tisa umekiandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kimeandikwa vizuri," akasema, na mimi nikaona fahari, kwa maana Shangazi hasifu ovyo. Aliikunja notisi, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Akasema siku ya kumi na nne ikifika ataing'oa gata bila ubishi, ila anaomba Kamati nzima iwepo kushuhudia, ili asije akaambiwa amekosea.

Nilipomhesabia, siku ya kumi na nne ilikuwa Jumamosi ya uzinduzi wa Nyumba ya Mfano, yaani nyumba ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alifurahi sana. Akaagiza iingizwe kwenye ratiba: saa nne hotuba, saa tano wageni kuvuka barabara kushuhudia mkaidi akitii, saa sita viburudisho.

Nyumbani, mama watoto aliacha kunisemesha. Mawasiliano yote yalipitia kwa mtoto wa darasa la pili, ambaye aliyafikisha kwa uaminifu na kwa sauti. "Baba, Mama anauliza Shangazi akihamia hapa, wewe utalala wapi."

Jumamosi ikafika. Asubuhi ilikuwa nyeupe, ingawa upande wa milimani palikuwa na kitu cheusi. Mjumbe mmoja alikinyooshea kidole, lakini kwa kuwa mvua haikuwa kwenye ratiba hatukuendelea na mjadala huo. Meza kuu iliwekwa chini kabisa ya ukingo wa paa, ili picha zipate gata na viongozi kwa pamoja. Ilikuwa gata nzuri, lazima nikiri. Maruni, imenyooka kuanzia pembe hadi pembe, na Mwenyekiti alipoigonga kwa kalamu ikaimba tiii, wageni wakasema aaa. Ng'ambo ya barabara, ngazi ilikuwa imeegemezwa tayari kwenye baraza la Shangazi. Fundi Kamba alikuwa amekaa kwenye kipago cha chini cha ngazi hiyo, nyundo mapajani. Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Niliitazama ile ngazi nikatazama chini.

Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye maneno "maji yenye nidhamu" wakati tone la kwanza lilipoanguka juu ya kipaza sauti. Aliendelea. Mvua nayo ikaendelea, ikaja yote kwa pamoja, ile ya matone yenye uzito. Kwa dakika kama mbili hivi hakuna aliyelowa sana. Nilinyanyua macho nikaona gata inajaa, na naapa sijawahi kuona usawa kama ule. Maji yalipanda polepole, sawasawa, kulia na kushoto, bila upande wowote kutangulia. Nikafikiri, kumbe Mwenyekiti alikuwa sahihi. Halafu yakafika ukingoni.

Yalimwagika kwa urefu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Hakuna mgeni aliyependelewa. Mwenyekiti, makamu wake, mjumbe wa urembo, mimi na makabrasha yangu, kila mmoja alipata kiasi kilekile. Mwenyekiti akatoa pimamaji mfukoni, akaitazama, pengine akitafuta wa kumlaumu, na kipovu kilikuwa katikati kabisa. Ndipo lile bati jembamba likaelemewa. Likapinda tumbo, likatoa sauti yake ile tamu, safari hii ndefu zaidi, likang'oka na misumari yake, likatua juu ya meza kuu kati ya maua na maji ya chupa. Nashukuru hakuna aliyeumia. Viburudisho havikuwahi kufika saa sita.

Watu walikimbia, na kwa kuwa mlango wa Mwenyekiti ulikuwa nyuma ya maporomoko hayo, palikuwa na pahali pamoja tu pakavu pa kukimbilia. Baraza la Shangazi lilitupokea wote. Mwenyekiti alifika wa mwisho, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwenye tope, akaketi kwenye mkeka anaowekea watoto wachanga. Shangazi akampa khanga ajifunike.

Pale barazani palikuwa pakavu kama sebuleni. Mvua ilipiga paa, na juu yetu tulisikia maji yakitembea ndani ya gata, yanakwenda upande mmoja bila kusitasita, yanashuka kwenye bomba, yanaingia kwenye tangi. Nyuma ya nyumba, kwenye ile kona yenye ufa, palikuwa pamekauka. Nilikwenda kuangalia mara mbili.

"Maji yale yanakwenda wapi?" aliuliza Mwenyekiti baada ya muda.

"Kwenye tangi, mheshimiwa," alijibu Fundi Kamba.

"Nani ameyapa maelekezo?"

Fundi Kamba alilaza kidole chake cha shahada hewani.

Shangazi akatia mkono mfukoni, akatoa notisi, akanipa. Akaniomba nisome kifungu cha kumi na tisa, kwa sauti, kwa vile macho yake siku hizi ni ya kizee. Nilisoma. Nilipofika kwenye "mgeni au mpita njia" sauti yangu ilipungua, lakini Shangazi akasema hajasikia, nikarudia. Wajumbe kumi na mmoja, sote tukiwa tumekauka nusu, tukaitazama ile gata iliyoinama juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tumenufaika nayo kwa robo saa nzima.

"Katibu," alisema Mwenyekiti, "futa hicho kifungu."

Nilimweleza, kwa heshima zote, kuhusu kifungu cha arobaini. Kikao kamili na siku ishirini na moja. Alikumbuka. Ilikuwa hoja yake.

Shangazi akainuka kwenye kigoda. "Saa tano imepita," akasema. "Niliambiwa ning'oe mbele ya Kamati, na Kamati ndiyo hii. Fundi yuko tayari. Niing'oe?"

Fundi Kamba akashika nyundo. Mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu zake zote. Kila mtu alimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akajifunika khanga vizuri, akatazama nje, ambako kiatu chake kilikuwa kinaanza kuelea.

"Tusiharakishe," akasema.

Muhtasari wa kikao hicho niliuandika palepale: "Kamati ilisimama chini ya mfereji husika na kuukagua kwa kina kwa saa moja na nusu. Haikuona kasoro." Wote wakatia saini, wengine kwa wino uliolowa. Jioni mama watoto alinisemesha yeye mwenyewe, bila mpatanishi. Aliniambia nitoe maji ya mbu kwenye gata kabla sijala.

Mafunzo ya vitendo yalianza Jumamosi iliyofuata. Tulitafuta fundi bati mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na katika mtaa mzima alipatikana mmoja. Darasa likafanyika nyumbani kwa Mwenyekiti, maana hapo ndipo palipokosa gata. Tulijifunza kupinda bati, kuchagua misumari ya chuma kilekile, na kugonga kwa ukucha ili tulikatae linaloimba. Mimi nilipangiwa kushika ngazi. Juu ya ngazi alikuwa Mwenyekiti, ameshika upande mmoja wa gata mpya, alumini nene isiyo na sauti yoyote ya maana. Fundi Kamba alikuwa chini, jicho moja amelifumba, anaufuata uzi wake.

"Shusha kidogo, mheshimiwa."

Mwenyekiti akashusha. Akatoa pimamaji kwenye koti, akaiweka juu ya gata. Nilimwona akikisindikiza kipovu kwa macho, kama mtu anayeagana na ndugu kituoni.

"Shusha tena."

Akashusha tena, midomo imebana. Ng'ambo ya barabara Shangazi alikuwa barazani anapima mtoto, na hata hakunyanyua kichwa.

"Mkwe," aliniita, "kipovu kiko wapi?"

Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama kioo, kisha akaniashiria kwa kichwa niseme ukweli.

"Kimekimbia, Shangazi."

"Basi mwambie akaze hapohapo."